Mwenye mzigo ndiye akague gurudumu

Mfanyabiashara anayevuka Mpondwe kwenda Kasindi anajua kuhesabu karatasi zake. Ana kitambulisho, ana hati ya forodha, ana risiti ya soko, ana namba ya mnunuzi wa Beni au Butembo kwenye simu. Anauliza bei ya dola asubuhi na kuiuliza tena jioni. Lakini muulize swali moja tu: trela iliyobeba mali yako, grisi ya magurudumu yake ilibadilishwa lini? Atakuambia hiyo ni kazi ya dereva.

Naomba kupinga jibu hilo. Kwenye njia yetu ya Kasese, Bwera na Mpondwe, mkaguzi wa mwisho wa breki na beringi za trela anapaswa kuwa mwenye mzigo, kwa sababu hasara ikitokea ni yeye atakayeibeba. Sisemi hivi kwa kuwa mimi ni fundi. Mimi ni muuza vitunguu, na somo hili nililipia.

Magunia arobaini

Miaka michache iliyopita nilipakia magunia 40 ya vitunguu vya Mubuku kwenye trela iliyokuwa ikivutwa na lori. Tulikuwa wafanyabiashara saba tuliochangia nauli. Wengine walikuwa na mchele, wengine sabuni, na mama mmoja wa Butembo alikuwa na ndoo na mabeseni ya plastiki. Kesho yake ilikuwa siku ya soko, na kila mmoja wetu alikuwa na mteja anayemsubiri.

Tulipofika Kikorongo, pale barabara inapogawanyika, moja ikienda Katunguru na Mbarara na nyingine ikienda Bwera, dereva alisimama. Alizunguka trela akisogeza mkono karibu na kila gurudumu. Kwenye la nyuma kushoto aliurudisha mkono haraka. Akaja dirishani kwangu. "Mzee, gurudumu hili linachemka. Nipeni saa moja nilifungue."

Mimi ndiye niliyekuwa na mzigo mkubwa kuliko wote, na ndiye niliyekuwa nimekaa mbele. Neno langu lilikuwa na uzito. Nikamwambia, "Kijana, kutoka hapa mpaka mpakani hata kilomita 40 hazifiki. Twende, utalifungua kule." Alisita kidogo, akapanda, tukaenda.

Karibu na Kinyamaseke trela iliyumba. Nikasikia chuma kikisaga chuma, kisha nikaona gurudumu letu wenyewe likitupita upande wa kushoto. Lilikuwa limechomoka zima. Lilipita hatua chache tu mbele ya mama aliyekuwa akianika mihogo, mtoto mgongoni, likaenda kuangukia shamba la pamba. Hakuumia mtu. Nitamshukuru Mungu kwa hilo mpaka nife.

Trela ilikaa kando ya barabara siku tatu ikisubiri ekseli, maana ile ya kwanza ilikuwa imelika kama mahindi yaliyoguguniwa. Mvua ilinyesha usiku wa pili na turubai lilikuwa na matundu. Vitunguu vikaanza kuoza. Nilivyoweza kuokoa niliviuza palepale kwa bei ya kutupa. Mama wa Butembo alipojua kwamba dereva alitaka kusimama nikamkatalia, hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Papa, ulikuwa na haraka ya mali yako. Na yangu je?"

Sikuwa na jibu. Makala hii ndiyo jibu langu, ingawa limechelewa.

Kilichomo ndani ya gurudumu

Fundi aliyetoka Kasese kuja kutuokoa alinikalisha chini akanionyesha vipande vilivyobaki. Nitaeleza kama alivyonieleza, kwa sababu mfanyabiashara hawezi kudai kitu asichokijua.

Katikati ya gurudumu kuna kitovu cha chuma ambacho mafundi wanakiita habu. Ndani ya habu kuna beringi mbili, ya ndani na ya nje. Kila beringi ina vipande vidogo vya chuma vinavyobiringika ndani ya kikombe cha chuma kigumu. Kati ya chuma na chuma kuna utando mwembamba wa grisi, na utando huo ndio unaobeba magunia yako. Grisi ikiisha, au ikiingia maji au mchanga, chuma kinagusana na chuma. Joto linapanda, grisi iliyobaki inayeyuka na kuvuja, na kuanzia hapo beringi haina muda mrefu. Itakwama au itasagika, na gurudumu litaondoka.

Nyuma ya habu kuna sili, pete ya mpira inayozuia grisi isitoke na maji yasiingie. Ni kitu kidogo, na katika vifaa vyote vya gurudumu ni miongoni mwa vile vya bei ndogo kabisa. Sili ikichakaa, grisi inavuja kuelekea kwenye breki na kulowesha lainingi zake. Lainingi yenye grisi inateleza badala ya kushika. Gurudumu hilo linakuwa halina breki, na mengine yanalazimika kufanya kazi yake.

Mambo yanaweza kuanzia upande wa pili pia. Breki isiyoachia vizuri inaendelea kusugua dramu hata dereva akiwa ameondoa mguu. Dramu imefungwa kwenye habu, kwa hiyo joto lake linaingia moja kwa moja kwenye beringi na kuyeyusha grisi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu. Springi ya kurudishia breki ilikuwa imekatika, breki ikawa inasugua tangu Kasese, sili ikaungua, grisi ikamwagika. Chanzo kilikuwa springi. Ile saa moja aliyoiomba dereva ingetosha kuiona.

Kwa hiyo usikubali kuambiwa "breki ni nzima, ni beringi tu inayolia", wala kinyume chake. Ni wagonjwa wa chumba kimoja, na mmoja akiugua mwingine anaambukizwa.

Njia yetu haina huruma

Wapo watakaosema trela ziko kila mahali, kwa nini tuzungumzie Kasese na Bwera? Ni kwa sababu njia hii inaleta pamoja karibu kila kitu kinachoua beringi na breki.

Kwanza ni mteremko. Mzigo unaotoka Kampala kupitia Mbarara na Ishaka unateremka Kichwamba, kutoka vilima vya Rubirizi mpaka chini kwenye tambarare ya Bonde la Ufa, kabla ya kuvuka Mfereji wa Kazinga pale Katunguru. Unaopitia Fort Portal nao unashuka kuja Kasese. Dereva akiteremka Kichwamba kwa kukanyaga breki mfululizo badala ya kuweka gia ndogo tangu juu, dramu zinachemka na kutanuka, lainingi zinapoteza nguvu ya kushika, na lori linafika chini likiwa na magurudumu yanayonuka moshi. Halafu linaingia moja kwa moja kwenye joto la tambarare ya mbuga ya Queen Elizabeth.

Kuna tabia nyingine inayozidisha hatari. Breki ya trela ikisumbua, wapo madereva wanaoziba mpira wa hewa ili trela itembee bila breki, na lori lifanye kazi ya kusimamisha vyote viwili. Kwenye barabara iliyonyooka mwenye mzigo hatajua. Kwenye Kichwamba atajua.

Pili ni maji. Mito yetu inashuka kutoka Rwenzori kwa kasi: Nyamwamba, Mubuku, Nyamugasani, Lhubiriha. Hatujasahau mafuriko ya Nyamwamba ya Mei 2013 na yale ya Mei 2020. Hata pasipo mafuriko makubwa, msimu wa mvua unaleta madimbwi ya kutosha kuzamisha nusu ya gurudumu. Habu iliyotoka kutembea ni ya moto. Ikizama ghafla kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia sili iliyochoka. Maji yakichanganyika na grisi, grisi inakuwa nyeupe kama maziwa, na haifai tena.

Tatu ni kusubiri. Trela inafika mpakani, karatasi zina kasoro, inakaa siku mbili, siku nne, wakati mwingine wiki. Sisi tunadhani trela iliyosimama inapumzika. Maji yaliyoingia kwenye habu yanatulia chini na kuanza kutia kutu pale pale kwenye beringi. Breki za maegesho zilizofungwa zikiwa na unyevu zinaweza kung'ang'ania dramu. Siku ya kuruhusiwa kuvuka, kila mtu anakimbia, dereva anaing'oa trela kwa nguvu, na hakuna anayetazama kama magurudumu yote yanazunguka.

Nne ni jambo zuri lenye upande wake mbaya. Juni 2021 marais wa Uganda na Kongo walikutana hapa mpakani, Mpondwe na Kasindi, kuzindua ujenzi wa barabara za upande wa Kongo, ikiwemo ile ya Kasindi hadi Beni ya kilomita 80. Mwaka uliofuata Kongo ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sote tunaitaka barabara hiyo. Lakini barabara mbovu ilikuwa inalazimisha trela mbovu kwenda polepole. Barabara ya lami inairuhusu kukimbia. Kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo breki inavyolazimika kumeza joto zaidi kila inapokanyagwa, na ukiongeza mwendo mara mbili, joto hilo linakuwa mara nne.

Mizani haipimi joto

Utaniambia serikali ipo. Kweli ipo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari lenye ekseli saba, na mizani zinapima. Lakini mizani inajua uzito tu. Haijui kama sili ya gurudumu la nne imekatika. Trela inaweza kupita mizani kwa halali na kukosa breki.

Utaniambia bima ipo. Wengi wetu tunaona Kadi ya Njano ya COMESA kwenye lori tunaridhika. Tuielewe vizuri. Kadi hiyo ni bima ya madhara kwa watu wengine: aliyegongwa, nyumba iliyobomolewa, matibabu ya waliokuwemo garini. Ni muhimu sana, na yule mama wa mihogo angeihitaji. Lakini hailipi vitunguu vyako. Kama hukukata bima ya mzigo, na wengi wetu wenye magunia 20 au 40 hatukati, bima yako ni hali ya gurudumu.

Mtazame mwenye chukudu wa Kivu ya Kaskazini. Hakuna askari anayemkagua, lakini breki yake anaijua kama kiganja chake. Anateremka mlima akiwa juu ya mzigo, na breki ikikataa, mwili wake ndio utakaolipa. Sasa itazame trela yetu. Mwenye trela yuko mbali. Dereva analipwa kwa safari, na saa ya kusimama hailipwi. Mwenye mzigo ametangulia na basi au bodaboda kwenda kutafuta mteja. Kadiri mwenye mali anavyokaa mbali na gurudumu, ndivyo gurudumu linavyosahaulika.

Dakika kumi kabla ya kupakia

Tufanye nini? Huhitaji spana. Unahitaji macho, pua, sikio na ujasiri wa kuuliza, na uulize kabla gunia la kwanza halijapanda, maana trela ikishajaa hakuna atakayekubali kuinyanyua.

Zunguka trela na uiname utazame upande wa ndani wa kila gurudumu. Ukiona grisi mpya imerukia tairi au nyuma ya dramu, sili imekufa. Usipakie. Tazama vifuniko vya habu upande wa nje. Kifuniko kilichopotea na kuzibwa kwa kitambaa au plastiki ni mlango wa mchanga na maji.

Mwombe dereva ainue gurudumu moja kwa jeki, ulichague wewe. Ashike juu na chini alitikise. Likicheza, beringi imelegea au imekwisha. Alizungushe kwa mkono. Gurudumu zima linazunguka kimya na laini. Likinguruma au kukwaruza, liko mgonjwa. Likigoma kuzunguka wakati breki imeachiwa, breki inasugua.

Kisha dereva ajaze hewa, azime injini, akanyage breki na kuishikilia. Sikiliza. Ukisikia hewa ikivuja, uliza. Wakati breki imekanyagwa, mtu mmoja apite kila gurudumu la trela kutazama kama mkono wa breki unasogea. Usiosogea ni gurudumu lisilo na breki. Na muulize kama tangi la hewa limemwagwa maji asubuhi hiyo, kwa sababu maji yanayojikusanya humo yanaharibu vali za breki.

Safari ikianza, simameni mapema. Kwa mzigo unaopakiwa Kasese, mimi nasema Kikorongo. Watalii husimama maeneo hayo kupiga picha kwenye mstari wa Ikweta. Na sisi tusimame dakika kumi kupima magurudumu. Usiikimbilie habu kwa kiganja. Sogeza mgongo wa mkono taratibu uhisi joto. Magurudumu yote yakiwa na joto linalolingana, hakuna tatizo, maana breki zimefanya kazi. Moja likiwa la moto kuliko wenzake, kuna breki inayosugua au beringi inayokufa. Na moja likiwa baridi wakati mengine yana joto, usifurahi. Huenda hilo halina breki kabisa.

Mkikuta gurudumu linafuka moshi, msilimwagie maji. Dramu ya moto ikimwagiwa maji baridi inaweza kupasuka. Wekeni vigingi kwenye magurudumu mengine, liacheni lipoe lenyewe, kisha lifunguliwe. Na mkiondoka, ondoeni mawe barabarani. Mawe tunayoyaacha sisi huua wa pikipiki usiku.

Kwa mwenye trela

Ndugu zetu wenye trela, nanyi nina neno. Mafundi wenye uzoefu hufungua habu angalau mara moja kwa mwaka hata kama hakuna mlio wowote. Trela inayopita kwenye vumbi, madimbwi na foleni za mpakani haistahili kungoja mwaka mzima, na ikizama kwenye maji ifunguliwe mara moja.

Ikifunguliwa, beringi zioshwe kwa mafuta ya taa au dizeli, zikaushwe vizuri, zikaguliwe kwenye mwanga. Yenye madoa, mikwaruzo au rangi ya bluu ya kuungua itupwe pamoja na kikombe chake. Beringi mpya kwenye kikombe cha zamani ni pesa uliyotupa. Grisi isukumwe ndani ya beringi kwa kiganja mpaka itokee upande wa pili. Kuipaka juujuu hakutoshi. Grisi iwe ile ya beringi za magurudumu inayostahimili joto, na isichanganywe na ya aina nyingine iliyobaki humo. Sili iwe mpya kila mara. Nati ikazwe huku gurudumu likizungushwa ili beringi zikae mahali pake, kisha ilegezwe na kurudishwa kwa kipimo. Iliyokazwa kupita kiasi inaungua, na iliyolegea inatikisika mpaka inasagika. Pini ya kufungia nati iwe mpya, isiwe msumari uliopindwa.

Na tujihadhari na beringi bandia. Zipo za zamani zilizooshwa, zikapakwa mafuta na kuwekwa kwenye boksi jipya. Nunua kwenye duka linalokupa risiti, linganisha namba iliyochorwa kwenye chuma na iliyo kwenye boksi, na bei ikiwa nusu ya bei ya maduka mengine yote, jiulize nusu nyingine utailipia wapi.

"Tukidai, tutaachwa"

Nimeyasema haya kwa wenzangu Bwera, na pingamizi ni mbili. Ya kwanza ni kwamba mwenye trela akiulizwa sana atapakia mizigo ya mwingine. Ni kweli, kama unauliza peke yako. Mtu mmoja mwenye magunia kumi hana sauti. Lakini trela moja hujazwa na watu saba, kumi, kumi na tano, na hao wakiwa na swali moja, hakuna mwenye trela atakayeondoka tupu. Tuna vyama vya kuweka na kukopa, tuna vyama vya soko, tuna makundi ya simu tunayotumia kuulizana bei. Hayo hayo yatumike kuambiana trela ipi imekaguliwa na ipi imekataa.

Ya pili ni nauli. Mwenye trela anasema nauli tunayolipa haitoshi kununua sili na grisi kila mara. Hapa sisi wafanyabiashara tuseme ukweli. Tumezoea kumchagua wa bei ya chini kabisa, kisha tunashangaa trela yake imechoka. Nauli ya chini kupita kiasi ni deni, na deni hilo linadaiwa kwenye mteremko. Niko tayari kulipa zaidi kidogo kwa kila gunia kwa trela yenye rekodi. Nimepiga hesabu ya vitunguu vyangu vya Kinyamaseke, na nyongeza hiyo ningeweza kuilipa kwa safari nyingi sana kabla ya kufikia hasara ya siku zile tatu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sili ya trela ni ufa wa kuzibwa kwa pesa ndogo.

Ndiyo maana napendekeza mambo matatu, na hayangoji waziri yeyote.

Moja, kila trela inayobeba mizigo ya pamoja iwe na karatasi ya gurudumu: tarehe ya kubadilisha grisi na sili, tarehe ya kukagua lainingi, jina la gereji na sahihi ya fundi. Iandikwe kwa Kiswahili, ili mama wa Butembo, dereva wa Kasese na mwenye lori wa Mombasa waisome wote bila mkalimani. Tunasema Kiswahili ni lugha ya soko letu. Basi kiandike na mambo yanayolinda mali ya soko.

Mbili, mapatano ya nauli yataje wazi kwamba dereva ana haki ya kusimama. Dereva akisema gurudumu linachemka, hakuna mwenye mzigo mwenye ruhusa ya kumwambia twende, na saa hiyo isikatwe kwenye malipo yake. Kifungu hicho kingekuwepo siku ile, kingenizuia mimi.

Tatu, kabla ya kupakia, wenye mizigo wachague wawili kati yao wazunguke trela na dereva kwa dakika kumi, na wawili hao wasiwe wale wenye haraka kuliko wote.

Dereva wangu wa siku ile bado anaendesha kwenye njia hii. Tunakutana Kikorongo mara kwa mara. Sasa akisimama, mimi ndiye wa kwanza kushuka. Tunazunguka trela pamoja, yeye upande wake na mimi upande wangu, tunakutana nyuma. Wiki iliyopita mfanyabiashara kijana aliyekaa mbele alitoa kichwa dirishani akauliza kwa nini tunapoteza muda na kesho ni siku ya soko. Nilimwita ashuke, nikamwonyesha jinsi ya kusogeza mkono, nikamwambia lile la nyuma kushoto alipime yeye.